Erich Kästner na Watoto Wasiodanganywa

Mwishoni mwa mwaka 1929 maduka ya vitabu ya Berlin yalipokea kitabu chenye jalada la manjano. Juu yake palichorwa barabara tupu, mwanamume mwenye kofia ngumu akipita zake, na nyuma ya nguzo ya matangazo vichwa viwili vya watoto vikimchungulia. Ndani mlikuwa na kisa cha Emil Tischbein, mtoto wa mjane, ambaye anapanda treni kwenda Berlin kwa bibi yake akiwa na marki 140 mfukoni. Marki 120 ni za bibi, 20 ni za matumizi yake. Mama yake amezipata kidogo kidogo kwa kuosha na kutengeneza nywele za wanawake wa mji wao, sebuleni kwake. Emil anajua kila marki imetoka wapi. Ndiyo maana anaingia msalani mwa treni, anachukua pini na kuibana bahasha ya noti kwenye bitana ya mfuko wa koti. Kisha usingizi unamshinda. Anapozinduka, fedha hazipo, na yule bwana wa kofia ngumu aliyekuwa naye behewani hayupo pia.

Kitabu hicho ni Emil und die Detektive, yaani Emil na Wapelelezi, na mwandishi wake ni Erich Kästner. Leo hadithi za watoto wapelelezi zimejaa kila mahali, lakini enzi zile vitabu vingi vya watoto nchini Ujerumani vilikuwa vya mazimwi, wafalme, na watoto watiifu wanaotuzwa kwa utiifu wao. Kästner alimteremsha mtoto kwenye stesheni ya Zoo, akampandisha tramu bila nauli na kumfikisha kwenye kona ya Kaiserallee na Trautenaustraße, mahali ambapo msomaji wa Berlin angeweza kwenda kusimama jioni ileile. Watoto wake wanaongea kama watoto wa mtaani, wanachanga sarafu zao, wanabishana nani akeshe na nani arudi nyumbani. Mdogo wao, ambaye jina lake ni Dienstag, anapewa kazi inayoonekana ya kuchosha kuliko zote: kukaa karibu na simu ya kwao na kupokea taarifa. Wenzake wanamfukuza mwizi barabarani, yeye hatoki nyumbani. Mwisho wa kitabu bibi yake Emil anamsifu hadharani kuliko wote.

Kwa nini Emil hakukimbilia polisi? Kwa sababu huko kwao yeye na wenzake waliipaka sanamu ya mtawala wa zamani pua nyekundu na masharubu, na askari mmoja aliwaona. Anaogopa kwamba akifika kituoni ataulizwa habari za sanamu badala ya habari za wizi. Ni hofu ya kitoto, lakini Kästner haichekelei. Anaichukulia kwa uzito uleule ambao mtoto mwenyewe anaupa, na hadithi nzima inasimama juu yake.

Mambo yanafikia kilele benki. Mwizi yuko dirishani anataka kubadilisha noti, nyuma yake kumejaa watoto, na wafanyakazi hawajui wamwamini nani. Emil anaikumbuka pini. Noti zinainuliwa kwenye mwanga, na vitundu vidogo vinaonekana. Baadaye inabainika kwamba bwana huyo alikuwa akisakwa kwa wizi wa benki mjini Hannover, na Emil anapewa zawadi ya marki 1,000. Anachokiwaza kwanza ni kumnunulia mama yake mashine ya umeme ya kukaushia nywele.

Mtu anayejua maisha ya Kästner hashangai. Alizaliwa Dresden tarehe 23 Februari 1899, katika nyumba ya kupanga kwenye barabara ya Königsbrücker. Baba yake, ambaye naye aliitwa Emil, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi aliyeshindwa kushindana na viwanda. Akaishia kuajiriwa kwenye kiwanda cha masanduku. Mama yake, Ida, alijifunza utengenezaji wa nywele akiwa mtu mzima, akafungua kazi hiyo humohumo chumbani, akapangisha na chumba kimoja kwa walimu ili ada ya mtoto ipatikane. Erich alikuwa mtoto wa pekee. Kila senti ya Ida na kila ndoto yake vilielekezwa kwake.

Mapenzi ya namna hiyo ni mzigo. Katika kitabu cha kumbukumbu za utoto wake alichokitoa mwaka 1957, Als ich ein kleiner Junge war, Kästner anasimulia kwamba zilikuwapo siku alizorudi nyumbani akakuta karatasi mezani jikoni: mama ameandika kwamba amechoka, asitafutwe. Mtoto alitoka mbio kuelekea madaraja ya mto Elbe, moyo ukimwenda kasi, na mara nyingi alimkuta amesimama darajani akiyakodolea macho maji. Anasimulia pia usiku wa Krismasi, ambao watoto wengine waliungojea kwa hamu. Baba alikuwa amejifungia wiki kadhaa akichonga na kushona zawadi kwa mikono yake, mama amezunguka madukani, na mtoto amesimama katikati yao akijua kwamba akifurahia zawadi ya mmoja zaidi ya ya mwingine, mmoja ataumia. Ilimbidi agawe tabasamu lake sawa kwa sawa. Sijui ukurasa mwingine wa fasihi ya watoto wa Ulaya unaoeleza kwa uwazi hivyo jinsi mtoto anavyoweza kubeba nyumba ya watu wazima.

Humo pia kuna kisa kinachoonyesha upelelezi wa Emil ulikotoka. Mwanamke mmoja alifika kwa Ida kumwagiza aende kutengeneza nywele za bibi harusi na wageni wake. Ida alifika na vifaa vyake, akakuta hakuna harusi, na yule mwanamke ameshatoweka. Baadaye Erich alimtambua mjini, akamfuata nyuma mpaka akajua anapofanya kazi, na mama yake akaenda kudai haki yake.

Ualimu ndio uliokuwa mpango wa awali. Mwaka 1913 kijana aliingia chuo cha ualimu cha Dresden, lakini mwaka 1917 akaitwa jeshini. Sajini mmoja aliyeitwa Waurich aliwaendesha vijana kwa mazoezi ya kikatili hadi Kästner akatoka na moyo wenye hitilafu, ugonjwa aliokaa nao maisha yake yote. Alitoka pia na chuki ya kudumu dhidi ya ujeshi, na baadaye alimtaja sajini huyo kwa jina lake katika shairi. Vita vilipokwisha aliachana na ualimu, akapata ufadhili wa mji wa Dresden, akasoma Leipzig na kutunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1925 huku akifanya kazi gazetini.

Gazeti hilo lilimfukuza mwaka 1927. Yeye na rafiki yake mchoraji, Erich Ohser, walikuwa wamechapisha shairi la mapenzi lenye utani uliomgusa Beethoven, na mwaka huo ndio ulikuwa wa mia tangu kufariki kwa mtunzi huyo. Wakubwa wakakasirika. Marafiki hao wawili wakahamia Berlin. Huko Kästner alikaa mikahawani akiandika mashairi, tahakiki za tamthilia na makala, na kila mara akimwandikia mama yake barua au kadi. Nguo chafu alizituma Dresden kwa posta, mama akazifua na kuzirudisha.

Kitabu cha watoto hakikuwa wazo lake. Mchapishaji mmoja, Edith Jacobsohn, mjane wa mwanzilishi wa jarida ambalo Kästner aliliandikia, alimwomba ajaribu. Kästner alikuwa anajulikana kwa mashairi makali ya kuwakosoa matajiri na wanajeshi. Alijaribu, na kitabu kikavuma. Michoro ilikuwa ya Walter Trier, Myahudi mzaliwa wa Prague, na tangu hapo majina ya wawili hao hayakutengana. Filamu ya Emil ilitoka mwaka 1931, skripti yake ikiandikwa na kijana aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri wa Hollywood, Billy Wilder.

Vitabu vilifuatana upesi. Pünktchen und Anton cha mwaka 1931 kinamkutanisha binti wa tajiri na mvulana maskini anayempikia mama yake mgonjwa na kuuza kamba za viatu usiku kwenye daraja. Baada ya kila sura Kästner ameweka kipande cha mafunzo, na kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu kinapoteleza: hadithi ilikuwa imeshasema kila kitu. Der 35. Mai, hadithi ya safari ya ajabu iliyotoka karibu na wakati huohuo, ina mji wa mashine ambamo mtu anasimama njiani, anatoa simu mfukoni na kumpigia mkewe kwamba atachelewa. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 90 iliyopita. Lakini kitabu hichohicho kina kisiwa cha watu weusi kilichochorwa kwa dharau za wakati ule, pamoja na binti mwenye ngozi ya miraba myeusi na myeupe kwa kuwa baba yake ni mweusi na mama yake ni mzungu. Mtu aliyewaonea uchungu watoto maskini wa Berlin hakuliona kosa hilo, na msomaji wa Afrika ana kila haki ya kulitaja.

Kilicho bora kuliko vyote, kwangu mimi, ni Das fliegende Klassenzimmer cha mwaka 1933, hadithi ya shule ya bweni kuelekea Krismasi. Martin Thaler ni wa kwanza darasani, anachora vizuri, hapendi uonevu. Barua inafika kutoka kwa mama yake: nauli ya kumrudisha nyumbani, marki 8, haikupatikana. Martin anajikaza. Anawaaga wenzake kana kwamba naye anaondoka, kisha anabaki peke yake katika shule inayozidi kuwa tupu, mpaka mwalimu wake anamkuta, anamhoji taratibu, na kumpa marki 20 bila kutaka zirudishwe. Rafiki yake Johnny ametelekezwa na baba yake: alipakiwa melini New York akiwa na miaka minne, na Ulaya hapakuwa na mtu wa kumpokea. Katika dibaji Kästner anawagombeza waandishi wanaodai kwamba watoto hawana huzuni. Anashikilia kwamba chozi la mtoto halina uzito mdogo kuliko la mtu mzima, liwe limetoka kwa mwanasesere aliyevunjika au kwa rafiki aliyepotea.

Kitabu hicho kilipotoka, mwandishi wake alikuwa ameshatangazwa adui wa taifa. Usiku wa tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi wa chuo kikuu waliofuata chama cha Nazi walirundika vitabu kwenye uwanja wa Opera mjini Berlin na kuvitia moto, huku majina ya waandishi yakitangazwa. Jina la Kästner lilitangazwa pamoja na la Heinrich Mann. Mwenyewe alikuwepo, amesimama kwenye umati, akitazama. Mwanamke mmoja akamtambua na kupaza sauti kwamba Kästner yule pale. Aliondoka haraka. Orodha nyeusi iliyotumika siku zile ilipiga marufuku vitabu vyake vyote isipokuwa Emil, kwa kuwa watoto wa Kijerumani walikipenda mno. Baada ya miaka michache hata hicho kilipigwa marufuku.

Waandishi wengi walikimbia nchi. Edith Jacobsohn alikimbia, na mwaka 1936 Trier akaenda London. Kästner alibaki. Alisema alitaka kuwa shahidi na kuandika yaliyotokea, na hakuweza kumwacha mama yake. Alikamatwa mara mbili na polisi wa siri na kuachiwa. Vitabu vyake vilitoka Uswisi, navyo vilikuwa vya kuchekesha visivyogusa siasa. Kisha likaja jambo linalowagawa wasomaji wake hadi leo: kwa kibali maalumu aliandika, kwa jina la bandia la Berthold Bürger, skripti ya Münchhausen, filamu kubwa ya rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya miaka 25 ya kampuni ya filamu ya Ufa, chini ya usimamizi wa Goebbels, waziri wa propaganda wa Nazi. Kibali kilifutwa kabla filamu haijaonyeshwa mwaka 1943, na jina lake halikuwekwa popote.

Je, alishirikiana nao? Ndiyo, kwa kiasi fulani, na riwaya kubwa ya kuushuhudia utawala ule aliyoiahidi hakuiandika kamwe. Alichokiacha ni shajara ya siri aliyoiandika kwa hatimkato, isiyosomeka na kila mtu, kwenye kitabu cha kurasa tupu chenye jalada la bluu. Aliificha katikati ya vitabu vyake vingine. Nyumba yake ilipoteketea kwa mabomu Februari 1944 maelfu ya vitabu yaliungua, lakini shajara ilinusurika. Miezi miwili baadaye Erich Ohser, rafiki wa tangu Leipzig, alijiua gerezani siku moja kabla ya kesi yake kusikilizwa. Jirani alikuwa amemchongea kwa maneno aliyoyasema dhidi ya serikali. Mwandishi wa habari Erich Knauf, aliyekamatwa naye, aliuawa mwezi Mei. Nao watoto wa ile filamu ya 1931 walikuwa wamefikia umri wa kwenda vitani. Rolf Wenkhaus aliyeigiza Emil, Hans Joachim Schaufuß aliyeigiza Gustav mwenye honi, mmoja wa wapelelezi, na Hans Löhr aliyeigiza Dienstag mdogo, wote walikufa wakiwa wanajeshi kabla vita havijaisha.

Kästner aliinusuru roho yake Machi 1945 kwa hila inayofaa kuwa filamu yenyewe. Alijiunga na kikundi cha wasanii waliokwenda milima ya Tyrol kwa kisingizio cha kupiga picha ya sinema, nao wakakaa huko mpaka vita vikaisha.

Baada ya hapo alihamia Munich, na ilionekana ana haraka ya kulipa deni. Aliongoza kurasa za utamaduni za gazeti, akahariri jarida la vijana, akaandikia majukwaa ya vichekesho. Alikutana na Jella Lepman, mwanamke Myahudi aliyerejea kutoka uhamishoni Uingereza akiamini kwamba watoto wa nchi iliyobomoka wanahitaji vitabu kama wanavyohitaji mkate. Lepman alifungua Maktaba ya Kimataifa ya Vijana mjini Munich mwaka 1949, na ndiye aliyempa Kästner wazo la Die Konferenz der Tiere. Kitabu hicho kinaanzia Afrika, kando ya Ziwa Chad, ambako simba, tembo na twiga wanalalamikia wanadamu wasiokoma kupigana. Wakati wanasiasa wanakutana kwa mara nyingine, safari hii Cape Town, wanyama nao wanaitisha mkutano wao. Panya wanatafuna makabrasha, nondo wanakula sare, na bado mabwana wakubwa hawasikii. Hapo wanyama wanawaficha watoto wote wa dunia hadi mkataba wa amani unapotiwa saini. Trier aliichora hadithi hiyo akiwa Kanada, ambako alifariki mwaka 1951.

Mwaka uleule wa 1949 kilitoka Das doppelte Lottchen. Wasichana wawili wanakutana kambini wakati wa likizo, wanashangaa kufanana, kisha wanagundua kwamba ni mapacha waliogawanywa wazazi wao walipoachana: mmoja kwa baba Vienna, mwingine kwa mama Munich. Wanabadilishana nguo na kurudi kila mmoja nyumbani kwa mwenzake. Ilikuwa ajabu siku zile kuwaandikia watoto juu ya talaka, na katikati ya hadithi mwandishi anasimama kujibu wale ambao wangemlaumu. Hoja yake ni kwamba watoto wengi wanaumizwa na wazazi kuachana, na wengine wengi wanaumizwa na wazazi kutoachana; ikiwa wanayapitia, iweje wasizungumziwe kwa lugha wanayoielewa? Watazamaji wengi wa sinema wanaijua hadithi hii bila kumjua mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyozaa filamu ya Disney, The Parent Trap, mwaka 1961 na tena 1998.

Tuzo ya Georg Büchner ilimfikia mwaka 1957, na Tuzo ya Hans Christian Andersen mwaka 1960. Mwaka 1957 pia alipata mtoto wake pekee, Thomas, na kwa ajili yake akaandika Der kleine Mann, hadithi ya mwanasarakasi mdogo anayelala kwenye kiberiti. Aliandamana dhidi ya silaha za nyuklia na kupinga vita vya Vietnam. Oktoba 1965 kikundi cha vijana wa Kikristo kilichoma vitabu hadharani mjini Düsseldorf, kwa ruhusa ya ofisi ya mji, na miongoni mwake vilikuwamo vya Kästner. Miaka 32 ilikuwa imepita tangu ule moto wa Berlin. Alifariki Munich tarehe 29 Julai 1974. Nyumba ya mjomba wake tajiri, mfanyabiashara wa farasi, ambayo mtoto Erich alipenda kukaa juu ya ukuta wake kutazama wapita njia, sasa ni makumbusho yake mjini Dresden.

Vitabu vyake vimefasiriwa kwa makumi ya lugha, na vingi vinapatikana kwa Kiingereza na Kifaransa. Mzazi au mwalimu anayetaka kuanza, aanze na Emil. Mtoto wa miaka tisa anakimudu. Das fliegende Klassenzimmer asomewe aliyefikia umri wa bweni, na asikose dibaji. Der 35. Mai kisomwe mkiwa pamoja, muongee juu ya kile kisiwa. Na kama nyumbani kuna mtoto ambaye wazazi wake wameachana, mpeni kile cha mapacha bila kusubiri akue.